Kitanda cha Pili Melini

Maisha yangu mengi nimeyamaliza kwa miguu. Nilizaliwa Mamboya, huko milimani ambako hata kwenda kwa jirani kuomba moto ni kupanda au kushuka, na nilipoolewa Kilosa nikadhani nimepumzika, kumbe tambarare nayo ina umbali wake. Basi siku nesi mmoja wa kutoka Ziwa Nyasa alipokuwa akinifunga bandeji ya goti, akanisimulia kwamba kwao mtu hupanda meli, akajilaza kitandani, na milima ikawa inapita dirishani yenyewe, maneno yale yalinikaa. Nilitaka nilipate hilo kabla magoti hayajakataa kabisa.

Sikumwambia mtu. Kila nilipouza ufuta niliweka kidogo, na mwaka huu nikasikia pale kanisani kwamba kuna ofisi ya safari huko Mikumi inayopeleka watu ziwani kwa makundi: basi mpaka Kyela, kisha meli siku tatu, kwa bei ya watu wa kawaida. Nikafunga kijimkoba, nikajitanda khanga zangu mbili, nikaenda kuuliza. Jirani yangu Magreti alikuwa anafagia uwanja, akaniuliza naelekea wapi. Nikamjibu kwamba nashughulikia safari ya upande wa Mbeya. Akanitazama, akaacha kufagia, akanipa pole. Nilidhani ananipa pole ya magoti.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja kando ya barabara kuu, na mwenyewe anaitwa Goodhope. Aliniamkia kabla sijavuka kizingiti, akanipa kiti chake, kwa sababu kile cha wateja kilikuwa na mguu unaocheza. Akanieleza taratibu. Bei iliyobandikwa ukutani ni ya mtu mmoja pale watu wawili wanapolala kabini moja. Aliye peke yake analipia vitanda vyote viwili.

Nikamuuliza, hicho cha pili atalala nani.

"Hakuna, mama," akasema. "Ndiyo shida yake. Kitanda hakipungui bei kwa kukaa kitupu."

Fedha yangu ilitosha kitanda kimoja. Njia nyingine ilikuwa kukaa kwenye benchi chini, pamoja na mizigo, mpaka asubuhi. Hiyo ningeimudu, lakini Goodhope aliyatazama magoti yangu akakataa. Alisema tiketi ya benchi ataiuza kwa wenye miguu yao, si kwangu. Akaahidi kunishikia kabini mpaka saa sita mchana siku ya Alhamisi. Nikipata mwanamke wa kulala naye chumba kimoja, safari ni yangu. Nikikosa, itabidi aitoe kwa wengine, na safari nyingine kama ile mpaka mwakani. Nikamshukuru. Mwakani ni mbali kwa mtu wa umri wangu.

Niliporudi Kilosa jioni nilikuta mikeka imetandikwa uwanjani kwetu. Akina mama wa mtaa wamekaa, miguu wameinyoosha, wameinamisha vichwa. Pembeni kuna unga na maharage, na Magreti ameshawasha moto. Nikauliza kwa sauti ndogo, nani amefariki.

Wakatazamana. Magreti akasema, "Sisi ndio tunasubiri utuambie wewe."

Kumbe mwanamke mtu mzima akionekana na mkoba, peke yake, anataja safari ya mbali, kwetu hiyo haina tafsiri mbili. Ni msiba. Niliwaambia ukweli wote, meli na kitanda na dirisha. Mama mmoja akaanza kucheka ndani ya khanga yake, na kicheko kikapita mkeka hadi mkeka. Nikawaomba warudishe vyakula vyao majumbani, wakakataa katakata, kwa sababu unga uliotolewa kwa ajili ya matanga haurudi jikoni ulikotoka. Basi tukasonga ugali, tukala sote, tukamwombea marehemu ambaye hakuwapo.

Pale pale nikawauliza nani atakuja nami. Wa kwanza anaogopa maji. Wa pili ana mpunga shambani na ndege hawasubiri. Magreti angependa, lakini kwaya yao ina tamasha, na yeye ndiye anayeanzisha nyimbo. Siku mbili zilizofuata nilipita nyumba nyingi. Kila mahali nilikaribishwa vizuri, nikapewa chai, hata kuku mmoja, na hakuna aliyesema ndiyo.

Mwanangu Evarist, ambaye ninaishi kwake, hakufurahi. Si mtu wa kupaza sauti. Alikaa karibu nami Jumatano asubuhi, akaniambia kwamba mtu wa kwenda naye asipopatikana, haitakuwa vibaya; atanipeleka Mikumi siku moja nikaone tembo. Nilijua ananipenda. Nikamjibu kwamba tembo nimewaona vya kutosha wakivuka barabara. Lakini nilianza kutoa nguo mkobani.

Saa nne hivi tukasikia kilio kwa nje. Kilio kikubwa, cha mtu aliyedhamiria. Evarist akatoka mbio, mimi nyuma yake nikichechemea. Pikipiki imesimama mlangoni, na anayeshuka ni Joha wa Zombo, mikono kichwani, khanga ameivaa upande wa ndani nje.

Joha ni mtani wangu. Ukoo wao wa bondeni na ukoo wetu wa milimani wamekuwa watani tangu mababu, na kwetu mtani ndiye anayekuja msibani kuchekesha watu, kumsema marehemu na kuzuia jeneza mlangoni mpaka apewe chochote. Alikuja hivyo mume wangu Lazaro alipofariki. Alikaa juu ya kiti cha marehemu akadai kwamba alimwahidi suruali, mpaka nikacheka, mimi mjane wa siku moja, na kicheko kile ndicho kilichonirudishia pumzi.

"Perpetua wangu amekufa," Joha alikuwa analia. "Amekufa hajaoga. Watu wa milimani hawaoni maji mpaka waoshwe na wengine."

"Mimi ni mzima," nikamwambia.

Akashusha mikono kichwani. Akanitazama juu mpaka chini.

"Basi aliyekufa nani? Nimekuja kutoka Zombo nikiwa na njaa ya pilau la msiba, nimemlipa na mwenye pikipiki."

Evarist akamweleza, huku anajizuia kucheka. Joha akasikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani moja kwa moja bila kukaribishwa, akauona mkoba wangu kitandani, akauchukua akaukalia. Akatangaza kwamba mtani hatoki mikono mitupu kwenye msiba, na kama msiba wenyewe haupo, hilo ni kosa letu, si lake. Mkoba ni mateka. Tuukomboe.

Nikamletea yai. Akalipokea, na mkoba hakuutoa. Nikamletea yule kuku niliyepewa. Akamfunga miguu akamweka kando, bado amekalia mkoba. Nikamuuliza basi anataka nini, maana mkoba wenyewe sina kazi nao tena, kitanda cha pili kimekosa mtu.

"Nani amekwambia kimekosa?" akasema. "Hukuniuliza."

Ni kweli, sikumuuliza. Mtani haulizwi jambo la moyoni. Atalicheka mwaka mzima. Na tena nilidhani mwanamke wa Kiislamu kutoka Zombo hatapenda kulala chumba kimoja na mama wa kanisani mwenye kuimba akiwa usingizini. Nikamwambia hayo.

Joha akashusha khanga mabegani. Alipozungumza, sauti ya utani ilikuwa imekwisha.

"Perpetua, nimefika Morogoro, nimefika Dodoma, nimefika hata Tanga. Zote nilifuata maiti. Umri wangu huu sijawahi kupanda gari kwenda mahali ambapo hapana mtu aliyekufa. Mpunga nimeuza, wa kumwomba ruhusa sina. Nipe hicho kitanda."

Evarist ndiye aliyejibu. Alisema, "Mama mdogo, chukua." Kisha akatoka nje haraka, na nilimsikia anapuliza pua nyuma ya nyumba.

Kesho yake tulishuka Mikumi mapema. Joha hakukubali niushike mkoba wangu. Alisema mateka ni mateka. Goodhope alipotuona tumesimama wawili mlangoni aliinuka, akatuamkia, akatuangalia kama mtu aliyeshinda kitu. Wakati anaandika majina aliuliza huyu ni nani wangu, dada au wifi.

"Adui," Joha akamwambia. "Andika hivyo hivyo."

Akaandika ndugu.

Sitasimulia basi, kwa sababu Joha alilala toka milima ya Iringa mpaka migomba ya Tukuyu, na mimi nilikuwa namshikilia kichwa kisigonge kioo. Meli ilikuwa nyeupe, si kubwa kama nilivyofikiri, na kabini yetu ilikuwa na upana wa kutosha mtu mmoja kugeuka endapo mwingine amekaa. Vitanda vilikuwa kimoja juu ya kingine. Mchana kutwa tuligombea cha chini. Joha alidai ni chake kwa sababu watu wa milimani wamezoea kupanda. Nilimjibu kwamba watu wa bondeni wamezoea mafuriko, kwa hiyo wakae juu. Nikaenda kunawa, na niliporudi alikuwa ameshapanda, amelala, mto wake ameutupa chini kwenye kitanda changu ili niweke magoti. Alisema kitanda cha chini kinanuka Mkaguru wa milimani.

Nikajilaza. Milima ya upande wa kushoto ikaanza kwenda, kijani, kisha buluu, ikisogea polepole kama ng'ombe waliokwisha shiba, na mimi sikuinua hata unyayo. Nililia kidogo. Joha hakusema neno kule juu, na kwake hilo ni jambo kubwa sana.

Alfajiri aliniamsha. Ametawadha, ameshika mswala, hajui kibla kiko wapi. Nyumbani alikijua kwa mlango wa nyumba yake, na hapa mlango ulikuwa unatembea. Nikatoka nikishika kuta, nikashuka ngazi moja moja, nikamkuta baharia mmoja mzee anaosha sitaha, nikamwamkia, nikamuuliza. Akanionyesha nyuma ya meli. Nikarudi nikamweleza Joha, akatandika mswala katikati ya vitanda, akaanza kuswali, na mimi nikakunja miguu kitandani ili apate nafasi ya kusujudu.

Katikati ya sala meli ikaanza kukata kona kuelekea kijiji fulani cha pwani ya ziwa. Niliona dirisha linazunguka. Sikujua kama inafaa kumwambia, nikanyamaza. Alipotoa salamu akanigeukia, akaona uso wangu.

"Nimemaliza nikielekea wapi?"

"Malawi," nikamwambia.

Alicheka mpaka akaegemea kitanda. Alisema Mungu anajua kwamba yeye yumo melini, atapokea. Akawa anaukunja mswala, mlango ukagongwa. Ni yule baharia mzee, suruali imelowa hadi magotini, amepanda ngazi zote zile akihema.

"Mwambie mwenzako tumegeuka," akasema. "Sasa kibla kiko kushoto."

Nikamshukuru. Joha alinitazama, akamtazama yule mzee anavyopumua, akautandika mswala upya kushoto, akairudia sala yake yote ili ngazi zile zisiwe zimepandwa bure. Nami nikamshikia ncha ya mswala, maana meli ilikuwa bado haijatulia.