Kamba za Fundi Wanyama

Siku niliyomwona Fundi Wanyama akimpima mtoto aliye hai, nilijua kuna jambo. Alikuwa amepiga magoti nje ya nyumba ya jirani yangu Selpha, kamba ya katani mkononi, akimpima mtoto wa Selpha kutoka gotini hadi kisiginoni. Selpha mwenyewe alisimama hapo akicheka. Nikasema moyoni, huyu mwanamke hana akili.

Katika laini zetu, zile nyumba za vibarua wa kiwanda cha mbao, pale unapotoka Eldoret ukielekea Kiplombe, Wanyama ndiye aliyetengeneza milango, viti na majeneza. Milango na viti alipima kwa futi. Majeneza alipima kwa kamba. Nilijua, kwa sababu mwaka uliotangulia, 1950, surua ilipomchukua Wangila, kifungua mimba wangu, Wanyama alikuja asubuhi, akalaza kamba kutoka utosini hadi nyayoni, akafunga fundo, akaondoka. Tulipozika, aliitupa kamba ile kaburini, kama kawaida yake.

Sasa kamba za watoto wazima zilining'inia kwenye misumari ya karakana yake, kila moja imefungwa kitambaa ili asizichanganye. Zilikuwa zinangoja nini?

Walisema ni uwanja wa kuchezea watoto. Mwalimu Kimeli wa shule ya kanisa ndiye aliyeleta wazo hilo, baada ya mtoto mmoja kuvunjika mkono akicheza juu ya magogo ya kiwanda. Haya, uwanja wenyewe uko wapi? Mimi niliuona wa shule ya Wazungu nikienda kufua huko: bembea za chuma, na ardhi imesawazishwa kama meza. Kimeli na Wanyama hawakusawazisha chochote. Siku nenda siku rudi walizunguka mteremko ulio juu ya mto Sosiani. Jiwe kubwa wakaliacha, mti ulioanguka wakauacha, hata nyasi hawakufyeka. Walichochimba ni mashimo. Nilienda kuyachungulia nikijifanya natafuta kuni. Yalikuwa membamba, marefu, futi tatu, futi nne. Mniambie, mtoto anacheza mchezo gani ndani ya shimo la futi nne?

Nilimwuliza Kimeli. Akanijibu kwamba mteremko umeshajijenga wenyewe, wao wanaongeza kidogo tu pale mguu wa mtoto usipofika. Mwalimu akianza kuongea hivyo mimi huzidi kumshuku.

Kisha ikafika zamu ya Nekoye wangu. Alikuwa na miaka sita, na mguu wake wa kushoto ulidhoofika baada ya homa, akawa anauburuta. Nilirudi kutoka kufua nikakuta Wanyama amempima mara tatu: mguu mzima, mguu mbovu, na mkono ulionyooshwa. Wenzake aliwapima mara moja tu. Nilimnyakua mtoto nikamwambia Fundi akapime wa kwao. Niliogopa mpaka nikashindwa kupika. Mmoja nilikuwa nimeshazika, na sikuwa na mwingine wa kutoa.

Kesho yake, Fundi akiwa mteremkoni, niliingia karakanani nikatoa kamba tatu zenye kitambaa cha njano cha gauni la Nekoye, nikazichoma jikoni kwangu. Sikumwambia mtu. Wanyama alipokuja kuuliza kama anaweza kumpima tena, nilimfungia mlango.

Jumapili moja baada ya ibada, watoto wakaachiliwa mteremkoni. Mashimo yalikuwa yamejaa magogo, nusu yamezikwa, yakipanda hatua kwa hatua kutoka nyasini hadi mgongoni mwa lile jiwe kubwa. Mti ulioanguka ulikuwa umechongwa vikanyagio. Hata mtoto mdogo kabisa alipata pa kukanyaga. Ukisimama mbali hungejua kama mkono wa mtu umepita hapo. Niliona aibu, lakini hasira ikaitangulia, kwa sababu Nekoye alikuwa amekaa chini peke yake akiwaangalia wenzake. Upande mmoja wa jiwe, penye mwinuko mdogo, mashimo yalikuwa bado matupu.

Nilimwendea Wanyama nikamwuliza mbona mtoto wangu ameachwa.

"Hiyo side ni yake, Mama Nekoye," akasema. "Ngazi fupi, na mti wa kushikilia. Lakini kamba zake zilipotea. Hawa wengine nikikosea kidogo wataruka tu. Huyu ataanguka."

Nikasema, "Hazikupotea. Nilichoma mimi."

"Najua. Katani ikiungua inanuka mpaka kwangu."

Hakunilaumu. Angenilaumu ningejua la kumjibu. Alitoa kamba mpya mfukoni akaninyooshea.

"Pima wewe," akasema. "Mikono yangu najua uliionea wapi."

Nikapiga magoti. Nilianza na mguu mzima, nikaenda kwa ule mbovu, na fundo likakataa kukaza. Kamba ilipopita nyuma ya goti ilimtekenya Nekoye, akacheka, akavuta mguu, akaniharibia kipimo. Nililia hapo hapo mbele ya watu wa kanisa. Wangila alikuwa ametulia kabisa alipopimwa. Nikamwambia Nekoye asijali, acheke tu, nitapima tena.