Roketi ya Katoyi, Madirisha ya Mapendo

Valentin Kasereka, mwalimu wa fizikia, alitengeneza roketi ndefu kuliko mlango wa kanisa. Jumamosi moja asubuhi akaisimamisha juu ya mawe ya volkano, nyuma ya nyumba za mtaa wa Katoyi. Kwa ajili ya usalama aliwapeleka majirani mbali, mtaa wa Mapendo, kwa mama mukwe wake, Mama Kahindo, aliyekubali kuwapikia sombe, majani ya muhogo.

Muzee Hategekimana peke yake alikataa kumwacha ng'ombe wake.

"Muzee, inaweza kulipuka!"

"Ikilipuka, ng'ombe atabaki na nani?"

Wingu lilikuwa limeukalia mji kama mfuniko juu ya sufuria. Clotilde, mke wa Valentin, akatazama juu. "Ngojea jua litoke kwanza."

"Wingu si ukuta, Clotilde. Roketi itapita tu."

Haikupita. Ililipuka palepale iliposimama. Valentin, aliyekuwa amejibanza nyuma ya ukuta wa mawe, alifunikwa na vumbi jeusi. Akakimbilia kwa muzee, akamkuta anakamua.

"Imekwisha?" muzee akauliza. "Nilizania itapiga kelele."

Hapo simu ikalia.

"Mukwe!" Ilikuwa sauti ya Mama Kahindo. "Madirisha yangu yote iko chini! Vioo iko ndani ya sombe! Wageni wako wameingia chini ya kitanda, wanasema ni volkano!"

Valentin alifika Mapendo pamoja na Clotilde. Aliwakuta majirani wakitoana vipande vya vioo kwenye nywele. Akawaeleza kwamba asubuhi ile hewa ya baridi ilikuwa chini, na ya joto juu yake. Mshindo wa mlipuko ukipanda, ile hewa ya joto inaupinda, inaurudisha chini, mbali na ulikotoka.

"Unaangukia wapi?" akauliza Mama Kahindo.

Valentin akatazama viatu vyake. "Hapa, mama."

Clotilde alilazimika kutoka nje ili acheke.

Valentin akatia vioo vipya kwa mikono yake. Kwa roketi ya pili aliungojea mchana wa jua kali, ili hewa ya chini ipate joto kwanza. Safari hii majirani walikataa katakata kwenda Mapendo, na Mama Kahindo mwenyewe akaja Katoyi amebeba kiti.

"Mama, hapa ni karibu sana!"

"Nyamaza, mukwe. Karibu ndiko kuzuri. Washa!"

Kwa kubembelezwa sana, akakubali kukaa nyuma ya ukuta. Roketi ilipanda kweli, ikapita mikaratusi, ikainama, ikaangukia shamba la kabichi. Mama Kahindo akapiga vigelegele, kisha akaenda kuangalia kabichi zipi bado zinafaa kupikwa.