Ubeti wa Pili

Cherehani kilikuwa kimeshapanda mkokoteni, godoro limefungwa juu yake kwa kamba ya katani, na msukuma mkokoteni alikuwa akipiga mluzi. Wimbo aliokuwa akiupiga ndio uliokuwa unamhamisha mwenye mzigo, ila msukuma angejuaje? Mtaa mzima ulikuwa nao mdomoni.

Vidole, mpiga gitaa aliyeutunga, alisimama mlangoni pake kama mgeni aliyesahau kupiga hodi. Bendini alifundishwa tangu anabeba spika: rumba ya mapenzi haiimbwi na mkosaji. Mwimbaji awe ndiye aliyesalitiwa, watu walie kwanza, ndipo gitaa liwafute machozi kwa sebene, ule mwendo wa kasi wa kuchezesha watu. Basi yeye, aliyelala masika mazima kwa muuza vitenge wa ng'ambo ya reli, akatunga kwamba mkewe, mshonaji nguo, ndiye anayetoka nje ya ndoa. Mshonaji wangu, umenishonea sanda. Neno lilikaa vizuri kwenye tuni. Tangu hapo wateja walikuja kupimwa nguo huku wakimpima mshonaji kwa macho, na wake za watu wakawakataza waume zao kupeleka hata suruali ya kupunguza.

"Ulilia wewe," mkewe alisema akikaza fundo, "nikachekwa mimi."

"Ni wimbo tu, mke wangu."

"Basi imba mambo yalivyokuwa. Jumapili, dansi likirushwa redioni. Nitakuwa kwa dada, nasikiliza. Nikisikia, nitarudi."

Mpiga tumba, aliyekuja kusaidia kubeba, alijaribu utani: shemeji akienda, bendi itapanda jukwaani na viraka. Hakucheka mtu.

Jumapili ukumbi ulifurika. Ubeti wa pili, ule wa sanda, ulipofika, Vidole akaugeuza: mimi ndiye niliyetoka, mshonaji wangu alikuwa nyumbani, taa inawaka. Sauti ilimtoka safi, haijapata kumtoka vile. Lakini watu walishaujua wimbo kuliko mwenyewe. Wakaimba ule wa zamani, ukumbi mzima, macho wamefumba, wanalia kwa raha zao, na yeye akazama humo kama kijiwe kwenye uji. Akarudia. Wakapandisha sauti. Kiongozi wa bendi akamkonyeza: sebene. Mkono ukaanza wenyewe.

Baadaye muuza vitenge aliolewa na mwenye kiwanda cha mbao. Kiongozi alikufa kwa presha, na mpiga tumba sasa anafuga kuku. Mshonaji alifungua kibanda mji mwingine. Wateja anao, redio hana. Dada yake husimulia kwamba Jumapili ile alisikiliza mpaka mwisho, sikio kwenye spika, halafu akauliza, "Ameimba?" Redioni zilikuwa zimesikika sauti za watu tu.

Vidole bado anapiga, kwenye harusi zaidi. Ubeti wa pili ukifika hufunga mdomo, akagusa nyuzi mbili tu, polepole, akiacha nafasi ya sauti moja. Watu huijaza.