Soksi za Bibi Mpiga Pasi

Mbu wa mtaa ule walimjua Bibi Mpiga Pasi kuliko walivyomjua wakwe zake. Mkikaa barazani kundi zima, wanawaruka nyote, wanamwendea yeye. Akawa anaringa kwamba ana damu tamu, mpaka mjukuu wake, anayefuga mbu maabarani, akamkatiza.

"Si damu, Bibi. Ni harufu ya ngozi yako. Mbu hunusa kabla hajaonja."

"Yaani nanuka?"

"Kwa mbu, unanukia."

Binti huyo alikuwa ametengeneza mtego wa mbu wa malaria, na mtego bila harufu ya mtu ni kopo tu. Akampa bibi yake soksi mpya azivae mchana na usiku, asinawe miguu. Siku ya jaribio, mkuu wa maabara angeamua mtego uendelee au utupwe.

Bibi akapiga pasi nazo, akalala nazo. Nyumba nzima ikaziba pua. Asubuhi ya jaribio akazivua, akaziacha kitini akaenda kunywa chai. Kurudi, zinaning'inia kambani, zinachuruzika povu la sabuni ya waridi.

"Mama, zingetokaje hapa vile?" mkwewe akajitetea. "Watu wangesema hatukutunzi!"

Mjukuu akajibwaga sakafuni, machozi yanamlenga. "Basi tena. Mtego wangu umekwisha."

Bibi akaangua kicheko. "We mtoto, soksi zilinuka zenyewe? Kiwanda si hiki hapa?" Akanyanyua mguu. "Nipeleke."

Maabarani, mguu ukaingizwa kwenye bomba la mtego, wavu ukiwa kati yake na kisanduku cha mbu. Bomba la pili likatiwa soksi safi.

"Usiogope, Bibi, hawa tumewafuga, hawana ugonjwa."

"Nimezoea wahuni wa nje, niogope watoto wa kufungiwa getini?"

Kisanduku kikafunguliwa. Mbu wakazunguka, wakasita, kisha wakamiminika kwenye bomba la Bibi hadi wavu ukawa mweusi. Kwenye soksi safi akabaki mmoja.

"Huyo ana mafua," Bibi akasema.

Mkuu wa maabara akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Mtego uendelee! Na wewe, mama, utatuvalia soksi kila wiki."

"Nitavaa. Lakini mwandike vizuri: mtego ni wa mjukuu wangu. Mimi chambo tu."

Mjukuu akapiga magoti, akamvalisha bibi yake kiatu mbele ya wakubwa wote. Bibi akatoka kwa mwendo wa maringo, kidevu juu. Mlangoni mfagizi akamsogezea ndoo ya maji anawe miguu.

"Weka mbali, mwanangu," akamwambia. "Mguu huu umeajiriwa."