Kikwembe ya Denise Chini ya Magoti

Ile mwaka ya kuchagua konseye wa zone, mukubwa wa kuangaria maji na soko, Parti ilikuwa moja, bakandida babili, na bote babili walivaa abakosti, ile koti ya Parti, ya rangi moja. Sasa siye bantu ya Kamina tutagombana juu ya nini? Tukagombana juu ya Mungu.

Kitenge alikuwa Mukatolike. Mwanza alikuwa Mumetodiste. Hakuna mwenye aliuliza nani ataleta maji ku soko. Tuliuliza tu: "Iko anasali wapi?"

Siku moja Kitenge akakuja ku soko, rozari mu shingo. Jina yake ya batizo, Albert, alikuwa ameificha miaka mingi, maana serikali ilikataza majina ya Kizungu. Ile siku akaitosha inje sawa nguo ya sikukuu.

"Ba mama, minyi Albert, mutoto wa parokia. Muntu mwenye hasali vizuri hawezi kutawala vizuri. Mukinichagua, meza za mbele zitakuwa za bantu wa dini yetu. Wengine wataenda nyuma, kule ku mufereji."

Denise, jirani yangu wa meza, akanikamata mukono. Bwana yake ni askari wa ku base. Denise alitoka mu jimbo ya Équateur na anasali na Bakimbangiste. Anauzisha samaki ya kukauka ya ziwa Kisale. Kule ku maji machafu, nani atamununua?

"Mama Élisa, batoto yangu watakula nini?"

"Ikala. Ule muntu hajui hata Baba Yetu. Angaria vile nitamuvua nguo."

Nikasimama. Bantu bananijua, Élisa akisimama, banaanza kucheka mbele ya kusikia.

"Papa Kitenge, rozari hapana mukufu. Utusalishe kidogo, tusikie."

Akacheka na yeye. Kiisha akaangaria chini: matope, mvua ilikuwa imenyesha. Akaangaria suruali yake. Muntu yake mumoja akaelewa bila kuambiwa: akavuta kikwembe, ile nguo ya kujifunga yenye Denise alitandika ku meza. Samaki yote ikamwangika mu matope. Kikwembe ikatandikwa chini, na Kitenge akapiga magoti juu yake.

Na akasali. Mungu wangu, alijua! Salamu Maria makumi matano bila kukosa hata moja, macho imefungwa, sauti inatetemeka. Machozi ikashuka, na sikuona uongo mule. Ba mama bakalia. Na minyi, ulimi yangu ya kijinga ya Mukatolike inajibu peke yake: "Maria Mutakatifu, utuombee..." Na mbele yangu Denise iko anaokota samaki moja moja, anaipangusa na robe yake, anazunguka magoti ya ule mutakatifu ili asimuguse.

Kama angekuwa muongo, ningecheka. Lakini alikuwa anaamini kweli.

"Amina," akasema, akasimama, akaacha kikwembe pale pale.

"Papa, na samaki?" nikamuuliza.

"Samaki gani?"

"Élisa, nyamaza!" Léa wa kwaya akanifokea, macho ingali na machozi. "Unaharibu sala. Huyu njo muntu wetu."

Nilichagua Mwanza, bila kujua kama anafaa, maana hakuna mwenye alimuuliza kitu. Kitenge akashinda. Kiisha wiki mbili, meza ya Denise ikatupwa ku mufereji.

Nikamugawia nusu ya meza yangu. Polisi wa soko akakuja: "Huyu mama ni Mukatolike?"

"Meza ni ya Mukatolike," nikajibu. "Samaki inatembelea tu."

Akacheka, akaenda. Tangu pale tuko pamoja.

Sasa kila Jumapili, mbele ya kuenda ku misa, ninasaidia Denise kupanga samaki, na sinawi mikono. Saa ya kupeana amani, konseye Kitenge anapita mu viti anasalimia bantu. Ninakamata mukono yake na mikono yangu yote miwili, ninaupapasa muda murefu, sawa mama na mutoto.

"Amani ya Kristo, Mama Élisa."

"Amani, mutoto wangu."

Anarudi ku kiti yake, ananusa vidole, anaangaria chini ya benchi. Miaka mine sasa, na hajajua bado ni samaki gani.