Ukuta Uko Mashariki

Ugonjwa wa lugha ulimshika Joyeuse huko Dilolo, kwa shangazi yake aliyekuwa akiwauzia Waangola samaki wakavu. Alikwenda kukaa wiki mbili, akarudi Kolwezi akihesabu nyanya kwa Kireno. Sisi majirani zake wa mtaa wa Dilala tulidhani utapita kama mafua. Baada ya Kireno kikaja Kiingereza cha redioni. Kisha mimi na yeye tukapata kazi katika kantini ya kampuni moja ya kigeni inayochimba shaba, kikaja Kichina, na hicho ndicho kilichomshika barabara.

Alibandika vikaratasi vya Kichina nyumba nzima: mlangoni, kwenye ndoo, kwenye sufuria, hata kwa mbwa. Mbwa alikula cha kwake. Siku moja Kazadi, mumewe, alifika kwenye basi la kazi akiwa na karatasi mgongoni, na wenzake wakakaa wiki nzima wakibishana kama imeandikwa "mume" au "inauzwa". Kanisani Joyeuse alimuuliza padri kama sala za kitubio zinaweza kusaliwa kwa Kireno, maana alikuwa anakosa mazoezi. Kuku aliwafukuza kwa Kichina, na aliniapia kwamba wanaondoka haraka zaidi. Mtaani wakampa jina, Mama Chine, yaani Mama China. Mama Mwadi, mama mkwe wake, mtu wa Kasai, peke yake ndiye hakucheka.

"Anajua luga ya bantu bote," aliniambia. "Paka Tshiluba yangu, ile moja tu, njo inamushinda."

Kantini wahandisi watatu wa Kichina walikuwa wakila kwenye meza ya dirishani. Siku ya kwanza Joyeuse alipowasalimia kwa lugha yao walimpigia makofi, kama mtu anavyomfurahia kasuku. Kisha wakaendelea kuongea mbele yake kana kwamba hayupo.

Ilikuwa Jumatano, katikati ya Novemba, na mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Pale dirishani hakuna aliyekuwa anakula vizuri. Mkubwa wao, mzee mwenye miwani, alichovya kidole ndani ya chai, akachora mstari mezani, akaukata katikati. Akasema maneno machache. Wenzake wawili wakageuka kutazama upande wa shimo la mgodi. Joyeuse alirudi jikoni na sahani zikiwa bado zimejaa.

"Yolande," akaniambia, "amesema 'bianpo zai dong'."

"Njo nini?"

"Bianpo ni ukuta ya kariere, ya shimo. Iko ku affiche ya sécurité, ile karatasi ya usalama ya kantini, chini yake bameandika na Kifaransa. Ile 'zai dong' njo inanisumbua."

Akanieleza, huku akifuta mikono ambayo ilikuwa mikavu tayari. Ile "dong", sauti ikinyooka juu kama kamba ya kuanikia nguo, maana yake ni mashariki: ukuta uko mashariki. Sauti ikianguka, kama mtu aliyekosa ngazi, maana yake ni kutembea: ukuta unatembea.

"Na yeye alisema namna gani?"

"Ilianguka. Lakini alikuwa na muchele mu kinywa." Akachungulia meza ya dirishani. "Kisha akasema vendredi, Ijumaa, kazi inasimama. Ile siwezi kukosea. Vendredi."

Kazadi alikuwa akiendesha lori la maji, lile linalomwagia barabara za chini ya shimo ili vumbi lilale. Wakati wa mvua walimtumia kuvuta maji machafu. Vumbi au mvua, alikuwa chini kabisa.

Saa tisa tulimkuta Dimitri, mkalimani, akivuta sigara nyuma ya jenereta. Alikuwa mtu wa Likasi aliyesoma China miaka sita, na kwa mwaka mzima Joyeuse alikuwa amemsumbua hadi akawa anajificha akiona tu lile kaye lake, daftari la maneno. Siku ile Joyeuse hakuwa na kaye.

"Tata Dimitri, sema 'mashariki'."

Dimitri akasema, kwa uchovu.

"Sema 'kutembea'."

Akasema.

"Sasa sikiliza ile mukubwa alisema saa ya kula." Akayarudia yale maneno matatu, na mkono wake ukashuka pamoja na sauti.

Dimitri alitazama nyuma yake. Kisha akauliza, "Nani mwingine amesikia?"

"Mi na Yolande."

"Ni mashariki, mama. Ukuta iko mashariki. Njo ile ulisikia, na bakikuuliza, njo ile utajibu."

"Kama ni mashariki, juu ya nini vendredi kazi inasimama?"

Dimitri aliiangusha sigara, akaiponda kwa kiatu muda mrefu kuliko sigara inavyohitaji. "Bwana yako anatumika équipe gani kesho?"

"Ya asubui."

"Malaria iko mingi mu hii saison," alisema bila kututazama. "Mutu anaweza kukosa kazi siku mbili, hakuna wa kumuuliza." Akaenda zake.

Jioni nilimsindikiza Joyeuse hadi kwake. Kazadi alikuwa mezani, sahani ya bukari na sombe mbele yake. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, hilo siwezi kumnyima.

"Juzi uliniambia jogoo iko nasalimia na Kireno," akasema.

"Ile ilikuwa muchezo."

"Na mi nitajua namna gani, ile ya muchezo na ile ya kweli?"

Hakusema kwa ubaya. Mwezi uliopita watu watatu walikuwa wamefukuzwa kwa kukosa siku moja tu. Joyeuse alimwomba, akalia, na jioni ile yote sikusikia neno hata moja la kigeni kinywani mwake. Kazadi akanawa mikono, akatafuta buti zake za kesho.

Asubuhi basi la kazi lilikuwa limeshajaa nilipofika. Joyeuse alikuja mbio na ndala, kitenge juu ya nguo ya kulalia, akasimama mlangoni mwa basi.

"Musiende," akasema. "Ukuta ya kariere iko inatembea. Bakubwa banajua."

Kwanza watu walinyamaza. Nadhani hapo ndipo wangeweza kushuka. Mtu mmoja akauliza nani amemwambia.

"Nimebasikia mi mwenyewe. Na Kichina."

Kicheko kikalipuka. Na yeye, badala ya kurudia lile la kwanza, akataka kuwaonyesha ushahidi. "Musikilize. Iko dong, na iko dong," akasema, mkono ukinyooka, mkono ukishuka, na kwa masikio ya basi zima lilikuwa neno moja tu. Mbayo, rafiki yake Kazadi, alicheka hadi akafuta machozi. "Mama Chine, utanifundisha dimanche, siku ya misa," akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye. Nilikuwepo nyuma ya jenereta, nilimsikia Dimitri. Lakini msimamizi alikuwa amekaa kiti cha mbele akiandika majina, na mimi nilikuwa naitaka kazi yangu. Nilitazama chini.

Kazadi akashuka kwa aibu, akamshika mkewe mkono. Alimwambia dereva atafuata na pikipiki, taxi-moto. "Nitakukamatia lori yako mpaka ufike," Mbayo akamwambia kupitia dirisha. Basi likaondoka, na mimi ndani.

Walipofika nyumbani Joyeuse alifunga mlango wa mbele kwa ufunguo, akatokea mlango wa nyuma, akautupa ufunguo chooni, kisha akaingia tena na kuukalia ule mlango wa nyuma kwa uzito wake wote. Kazadi hakutaka kumpiga mkewe, basi akachukua nyundo akaanza kung'oa bawaba za mlango wa mbele. Alikuwa kwenye bawaba ya pili, kama saa mbili asubuhi, waliposikia mngurumo, kama malori mengi yanayomwaga mawe kwa pamoja, ila huu haukwisha upesi. Kazadi aliiweka nyundo chini, taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtoto.

Walikufa watu sita. Mbayo alikutwa siku ya tatu, ndani ya lori la maji. Kampuni ilitangaza kwamba ni mvua. Dimitri hakuonekana tena kazini, na simu yake haikupatikana.

Wiki iliyofuata walimwita Joyeuse ofisini. Wanaume wawili, Mkongo na mgeni, wakamuuliza kwa Kifaransa cha heshima anajua lugha gani. Akajibu Kiswahili, na Kifaransa kidogo. Mgeni akamtazama usoni, akasema kitu kwa Kichina kwa sauti ya chini. Joyeuse alinisimulia baadaye. Alikuwa amesema, "Chini ya kiti chako kuna nyoka." Joyeuse hakusogeza miguu. Wakamshukuru, wakamwambia kazi yake kantini imekwisha.

Abigaëlle, mjane wa Mbayo, alikuja nyumbani kwa Joyeuse baada ya kilio kumalizika. Alikaa kwenye kiti, sisi wawili tukiwa mbele yake.

"Banasema ulikuwa nasema Chinois," akamwambia Joyeuse.

"Nilianza na Kiswahili. Ya kwanza kabisa, nilisema Kiswahili."

Abigaëlle akanigeukia. "Ni kweli?"

"Ni kweli," nikasema.

"Na weye ulisema nini?"

Nikamwambia sikusema kitu. Alinitazama kidogo, akafunga kitenge chake vizuri, akaondoka bila kuaga.

Joyeuse na Kazadi wamehamia Dilolo kwa yule shangazi. Kazi shimoni ilirudi baada ya siku tisa, upande wa pili, chini ya ukuta mwingine. Lori jipya la maji limekuja, na dereva wake ni Louis, mume wangu, aliyekuwa amekaa nyumbani bila kazi tangu Pasaka. Nilimwambia asiende. Akaniuliza nimesikia nini.