Mumunye la Fundi Chuma

Fundi Chuma alipewa jina hilo kwa kuchomelea mageti, na kwa kujigamba kwamba tangu azaliwe hajui homa. Basi daktari alipomwambia ana sukari, apunguze wanga, alirudi nyumbani mdomo mzito. Wali akauacha, viazi akaviacha, njaa akaizima kwa nyama ya pilipili, nyanya na ndimu. Loo! Kiungulia kikamchoma kifua mpaka akakaa kitandani akigumia kwa maumivu. Daktari akamkataza na vitu vikali. Sasa mtu ale nini, hewa?

Aliyemwokoa ni mkamwana wake, mke wa mwanawe. Ndiye pekee aliyeambiwa. "Mwanangu, hata mumeo asijue," mzee alimsihi. Mkamwana akahangaika sokoni, akajaribu hiki, akaonja kile, mpaka akapata vilivyopatana na maradhi yote mawili: mumunye, tango la kumenya, yai na samaki wa kuchemsha. Na ili asiulize mtu kwa nini mzee anapikiwa peke yake, nyumba nzima ikala mboga hiyohiyo. Wengine walipakua na wali. Mzee alisingizia ameshiba.

Kifua kikatulia. Lakini sifa za binti wa watu, aliyekuwa akipika majirani wakanusa, zikaisha.

Ndipo akaja dada mkubwa wa Fundi Chuma. Alionja mumunye mara moja tu, akasukuma sahani.

"Chapwa! Mwanangu, ndivyo unavyolishwa?"

"Nimesema mpaka nimechoka, shangazi," mume akajibu.

"Basi arudi kwao akafundwe upya! Na wewe Chuma, unameza tu?"

Mkamwana akamtazama mkwe wake, akasubiri. Mzee alifungua kinywa. Angesemaje yeye ni mgonjwa, mbele ya dada aliyemsifu mtaa mzima kwa nguvu zake?

"Mvumilieni," akasema, akijichekesha. "Bado mtoto."

Wakacheka. Mkamwana akaokota sahani, akaenda chumbani. Mzee alisikia kabati likifunguliwa, zipu ya begi ikivutwa.

"Mgonjwa ni mimi," akasema.

"Wee! Chuma augue?" Dada akapiga makofi. "Oneni anavyomtetea mkwe, hata maradhi anajisingizia!"

"Baba, usijisumbue," mwanawe akasema kwa huruma. "Tumeshaamua."

Mzee akaapa, hawakusikia. Ikabidi atoe mfukoni vidonge vyake vya sukari, avimwage mezani mbele yao. Kicheko kikakatika. Mwanawe akainuka haraka, akakutana na mkewe mlangoni, begi mkononi.

"Mke wangu, sikujua."

"Wewe hukujua," alisema. Akamgeukia mzee, sauti ikiwa na heshima ileile ya kila siku. "Baba, chakula chako cha jioni kimo jikoni. Cha kesho utawaonyesha mwenyewe namna ya kupika."

Akawapita, akatoka.